Somo: Mtoto ana shida ya ngozi? Mfikishe kwa daktari kabla ya pomadi ya tatu

Wamama na wababa wa Lubumbashi, salamu. Mimi ni muuguzi katika komini ya Kenya, hapa mjini kwetu. Watoto wengi wa ngozi ninaowapokea wamekwisha kupakwa vitu vitatu au vinne kabla hawajafika: pomadi ya farmasi ya pembeni, majani aliyoleta nyanya yake, unga wa kapsuli iliyofunguliwa na kumwagwa juu ya kidonda. Daktari akimtazama, haoni tena ugonjwa, anaona dawa.

Naandika kwa sababu ya mtoto wa mdogo wangu. Alizaliwa na ngozi safi. Juma la tatu kikatokea kidoa chekundu kwenye kope la jicho la kushoto, kama kichwa cha kiberiti. Nyanya yake akasema mama wa mtoto alitamani nyama akiwa na mimba, akajigusa jichoni. Kwenye kituo kimoja tukaambiwa itaisha yenyewe. Alipofika miezi sita, kope halikufunguka tena. Leo ana miaka minne, na kila siku tunamziba jicho la kulia, lililo zima, kwa masaa, ili lile lililofunikwa na kope lijifunze kuona. Mimi nilikuwa na mashaka toka mwanzo, nikanyamaza. Sinyamazi tena.

Hatua ya kwanza: jua yasiyongoja.

Kimbia hospitali leo hii, hata usiku, kama mtoto ana homa na ngozi inatoka malengelenge au inabanduka. Kama midomo na macho vimechubuka baada ya kunywa dawa mpya. Kama ana madoa ya zambarau yasiyofifia ukiyabonyeza kwa glasi. Au kama ni mchanga wa chini ya mwezi mmoja na ana vipele vya usaha. Mtoto wa upele uliooza akivimba uso na mkojo ukawa mweusi kama koka, figo zimeguswa. Vipele vyenye homa vinavyotoka hadi viganjani na nyayoni navyo vionwe siku hiyohiyo, maana mpox (ndui ya nyani) bado ipo nchini, na surua pia.

Kisha kuna yale ambayo hayaui usiku huu lakini yana saa yake. Mfano ni doa jekundu linalovimba, kama lile la mtoto wa mdogo wangu. Madaktari wanaliita hemanjioma. Mengi ni kweli huisha yenyewe, ndiyo maana watu wanatulia. Lakini linakua kwa kasi zaidi kati ya juma la tano na la nane, na karibu kazi yake yote ya kukua inakwisha kwenye miezi mitano. Likiwa karibu na jicho, puani, mdomoni, kidevuni, au mahali pa nepi panapochubuka, mtoto aonwe kabla hajatimiza miezi miwili. Yakiwa matano au zaidi, ini lipigwe ekografia, ile picha ya ndani ya mwili. Dawa ipo: propranololi, ya moyo, ambayo madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waligundua mwaka 2008 kwamba inapunguza madoa haya. Ni daktari peke yake anayepima kiasi chake. Mtoto hapewi akiwa hajala au anatapika, kwa maana sukari yake ya damu inaweza kushuka.

Hatua ya pili: usipake kitu, piga picha.

Karibu na dirisha, mchana, bila taa ya simu. Picha moja ya mbali ionyeshe ni sehemu gani ya mwili, moja ya karibu, na kando ya doa weka sarafu au kifuniko cha kalamu. Rudia kila baada ya siku tatu. Daktari anayeona doa la juma lililopita na la leo hahitaji kubahatisha.

Hatua ya tatu: pita mlango unaofaa.

Anza kituo cha afya cha mtaa wako, omba barua ya transferi kwenda hospitali kuu ya rufaa. Ukiambiwa "ngojea tuone", uliza: tungoje hadi tarehe gani, na tukiona nini turudi? Asiyeweza kujibu hayo mawili, mwombe barua kwa heshima, usitoke bila hiyo. Kabla ya kupanda basi kwenda hospitali ya Sendwe au ya Cliniques Universitaires, uliza siku ambazo daktari wa ngozi anapokea. Si kila siku, na wao ni wachache.

Hatua ya nne: beba kila kitu.

Mirija yote ya pomadi, hata iliyokwisha, na majani pia. Hakuna atakayekufokea, na akikufokea, bado mwonyeshe.

MASWALI YA WAZAZI

Mama wa Katuba: Yaya, mtoto wangu ana mapunye kichwani, miezi mitatu nampaka klotrimazoli, yanapungua yanarudi.

Mama, pomadi haifiki kwenye shina la unywele, na fangasi yumo humo ndani. Anahitaji dawa ya kunywa, mara nyingi griseofulvini, majuma sita hadi nane, pamoja na chakula chenye mafuta ili mwili uipokee vizuri. Wakague ndugu zake wote, na usimpeleke tena kwa kinyozi asiyesafisha mashine. Kama kichwa kimevimba na kutoa usaha, usingoje: nywele za hapo zinaweza kupotea moja kwa moja.

Papa wa Ruashi: Sisi ni upele. Tumetibu mtoto mara nne.

Papa, mlitibu mtoto, hamkutibu nyumba. Wote wanaolala chini ya bati hilo wapakwe usiku mmoja, hata asiyejikuna, kuanzia shingoni hadi kwenye vidole vya miguu. Wachanga hata kichwani, mbali na macho na mdomo. Permetrini ya asilimia 5 inakaa masaa nane hadi kumi na mbili, mnarudia baada ya siku saba. Mwenye umri chini ya miezi miwili apelekwe kwa daktari kwanza. Nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kujikuna kunaweza kuendelea majuma mawili matatu hata upele ukiwa umekufa, msipake tena kwa hofu.

Dada wa Kampemba: Baridi ya mwezi wa sita na vumbi vikianza, ngozi ya mtoto inakauka, anajikuna hadi damu. Niliuziwa sokoni pomadi inayomtuliza kabisa, ila amekuwa mweupe mapajani.

Dada, soma mrija. Ukiona klobetasoli au betametasoni, ndiyo hiyohiyo ya kujichubua. Inatuliza, lakini inakondesha ngozi ya mtoto na kupenya hadi damuni. Kama umeitumia majuma mengi usiikatishe ghafla. Nenda nayo kwa daktari juma hili. Kwa sasa mwogeshe kwa muda mfupi, maji ya vuguvugu, sabuni isiyo na manukato, na umpake vaselini ngozi ikiwa bado na unyevu, mara mbili kwa siku.

Mama wa Kamalondo: Doa jeupe mkononi, haliwashi, haliumi. Nimeambiwa ni minyoo.

Mfumbe macho mtoto, mguse hapo kwa uzi wa pamba, kisha pembeni. Kama hasikii juu ya doa, aonwe haraka: inaweza kuwa ukoma. Dawa zake ni za bure, miezi sita hadi kumi na mbili, na akianza mapema mkono wake hautalemaa. Akisikia sawasawa, bado aonwe, lakini bila hofu.

Baba wa Likasi: Sisi tuko mbali, nauli ya watu wawili ni nzito. Doa la mtoto lipo chini ya jicho, ana majuma matano.

Baba, picha nilizoeleza zipige leo kabla jua halijashuka, na kesho asubuhi zipeleke kwa daktari wa hospitali kuu ya Likasi pamoja na mtoto. Mwambie neno hemanjioma, mwambie ni jicho, na umwombe ampigie simu mwenzake wa Lubumbashi mkiwa mbele yake, ili mpewe siku ya kupokelewa kabla hamjatoa nauli. Msingoje mwisho wa mwezi.