Anzeni na chukudu

Wazazi wa Goma wenye vijana, mkitaka waionje falsafa, msianze na majina ya Wagiriki. Waonyesheni chukudu ya jirani, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Mwaka jana alibadili gurudumu la mbao lenye mpira wa tairi, juzi usukani, jana ubao wa kubebea mizigo. Je, ni ileile? Waacheni wabishane, na tafadhali msiwape jibu. Wakichoka, ongezeni swali ambalo mwanafalsafa Hobbes wa Uingereza aliuliza mwaka 1655 juu ya meli ya Theseus, shujaa wa hadithi za Kigiriki, ambayo mbao zake zilibadilishwa moja moja: mtu akikusanya vipande vyote vya zamani akaviunga upya, ya kweli ni ipi? Binti yangu alinyamaza, kijiko mkononi, kisha akauliza kama Goma ya kabla ya lava ya volkano ya 2002 ndiyo hii tunayoikanyaga. Tulilala saa sita usiku.