Kupeleka watoto Jozani: kima asubuhi, mikoko maji yakitoka

Familia nyingi zinazoenda Jozani hukaa nusu saa. Gari linasimama langoni, watu wanapelekwa kwa kima, picha zinapigwa, safari inaendelea Paje kuogelea. Watoto wamemwona mnyama, lakini msitu hawajauona, na mikoko hata hawajui kuwa ipo. Somo hili ni la mzazi anayetaka kuwapa watoto asubuhi nzima.

Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka ipo kiasi cha kilomita 35 kutoka Mjini Unguja, kwenye barabara ya kusini. Ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2004, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 50. Ndani yake mna msitu mrefu wenye maji chini ya ardhi, vichaka vya maweni, na mikoko. Daladala za Makunduchi, Jambiani na Bwejuu zote zinapita mbele ya lango, kwa hiyo asiye na gari asijione ameachwa.

Hatua ya 1: Tazama mwezi kabla ya kuchagua siku

Watu wa pwani tunajua haya, lakini tukipanga matembezi tunayasahau. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ndipo bamvua linapokuja: maji yanajaa sana na kutoka sana. Siku hizo, kwetu Unguja, maji huwa yametoka kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Ndio wakati unaoutaka. Utafika langoni saa mbili, utawaona kima kabla jua halijawa kali, na ukishuka mikokoni utakuta matope yako wazi na mizizi yote inaonekana. Ukienda siku za maji mafu, yaani kati ya bamvua moja na jingine, saa hizohizo utakuta maji yameingia. Bado panapendeza, ila kaa watakuwa wamejificha.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, msitu hutuama maji na mbu huwa wengi. Mwenye watoto wadogo asubiri.

Hatua ya 2: Mzigo uwe mwepesi

Viatu vya kufunika vidole, suruali ndefu, dawa ya mbu, maji ya kunywa ya kutosha. Mtoto mchanga mbebe kwa kanga. Kigari cha kusukuma hakina kazi kwenye njia yenye mizizi. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar, beba kikapu. Chakula kiache garini au kwa mlinzi langoni, mtakula mkirudi.

Mtoto mwenye mafua abaki nyumbani. Nalisema hili kwa uzito. Maradhi yetu ya kifua yanaweza kuwaambukiza kima, na hawa wa Jozani, kima punju, hawapatikani kiasili mahali pengine popote duniani isipokuwa Unguja na visiwa vidogo vya jirani yake.

Hatua ya 3: Langoni, zungumza na mwongozaji

Chukua kitambulisho, kwa sababu kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni. Sehemu ya fedha hiyo inarudi kwenye vijiji vinavyoizunguka hifadhi, basi lipa kwa moyo mweupe na udai risiti. Kisha mwambie mwongozaji umri wa watoto wako, na umwombe mambo mawili: asiwe na haraka, na mikoko isirukwe. Wengi wao ni watu wa vijiji vya hapohapo. Wanajua kila mti babu zao waliutumia kwa kazi gani, na ukiwaonyesha kuwa una muda watakueleza.

Hatua ya 4: Kwa kima punju

Kima punju mgongo wake ni mwekundu wa kutu, mabega na mikono myeusi, uso mweusi uliozungukwa na manyoya meupe, na midomo ya waridi. Waambie watoto watazame mkono anaposhika tawi: vidole vinne, dole gumba halipo, au limebaki kama kinundu tu. Mtoto akishaliona hilo, jaribu kumwambia naye ashike kijiti bila kutumia dole gumba. Hatasahau.

Kima hawa wamezoea watu, wanaweza kushuka hadi karibu kabisa. Hapo ndipo wakubwa wanapokosea kuliko watoto. Usinyooshe mkono, usimwite kwa kumpigia miluzi, usiwashe taa ya kamera, na yeye akisogea wewe rudi nyuma. Kaa umbali wa mita tatu au zaidi. Ndizi ni marufuku kabisa. Tumbo la kima punju lina vyumba kama la mbuzi, limeumbwa kuchachusha majani na matunda mabichi. Matunda matamu yaliyoiva yanamdhuru.

Kaeni kimya dakika kumi. Utamwona mama akimnyonyesha mtoto, vijana wakirukiana kutoka mkungu (mti wa kungu) hadi mkungu, na pengine kundi zima likivuka barabara. Barabara hiyo imewaua wengi. Matuta yaliyowekwa yamepunguza vifo, hayajavimaliza, kwa hiyo dereva wako apunguze mwendo tangu anapoona vibao.

Hatua ya 5: Ndani ya msitu

Hapa ni mitondoo mirefu, kivuli na ubaridi. Paa nunga, ambaye ni paa mdogo wa msituni, na pelele, mnyama mdogo wa mitini asiye na mkia, wapo, lakini mchana ni nadra kuwaona. Usiwaahidi watoto. Waache wasikilize ndege, mpite taratibu.

Hatua ya 6: Mikokoni

Upande wa Pete kuna njia ya mbao inayopita juu ya matope katikati ya mikoko, na kwangu mimi hii ndiyo sehemu bora ya safari yote. Mwongozaji akusaidie kuitenganisha miti: mkoko wenyewe umesimama juu ya mizizi iliyopinda kama miguu ya buibui; mchu unachomoza vijiti vya mizizi kutoka kwenye tope, na hivyo ndivyo unavyopumua; kuna mkandaa, kuna msinzi, na mkomafi wenye tunda la mviringo.

Chukua jani la mchu, moja tu, mpe mtoto alilambe. Lina chumvi. Mti unanyonya maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani, na siku kavu utaiona chembechembe zake zinang'aa. Kisha mtafutieni mche wa mkoko unaoning'inia, mrefu na wa kijani. Mbegu ya mkoko huota ikiwa bado juu ya mti wa mama, ikidondoka inajichoma kwenye tope au inachukuliwa na maji hadi ufuo mwingine.

Halafu tazameni chini. Kaa dume wadogo wana gando moja kubwa kupita mwili wao, wanalipunga kuita majike. Mkikanyaga mbao kwa kishindo wote wanazama shimoni. Mkisimama tuli, wanarudi mmoja mmoja. Watoto wa miaka sita wanaweza kucheza hivi saa nzima, nawe usiwakatize.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama wa watoto wawili, Mbagala: *Mdogo ana miaka mitatu. Ataweza?*

Ataweza, mama, ila usimtembeze sehemu zote tatu. Kima na mikoko vinamtosha, msitu mrefu mwache. Kwa kuwa mnatoka Dar, lala Unguja usiku mmoja. Boti ya asubuhi itakufikisha Jozani mchana, wakati kima wamelala juu ya miti na mtoto naye amechoka.

Mkulima, Kusini Unguja: *Sisi tumekua tukiambiwa punju akila mnazi, mnazi unakufa. Mnawasifu wanyama wanaotutia hasara.*

Kaka, hasara ya mkulima ni ya kweli, na kima anakula vitoto vya nazi mbele ya macho yako. Lakini watafiti walizihesabu nazi kwenye mashamba ya jirani na Jozani, na waliyoyachapisha mwaka 1999 yanashangaza: minazi iliyoliwa zaidi na kima haikuzaa kidogo. Mnazi huangusha vitoto vingi wenyewe, na vikipunguzwa mapema vinavyobaki hupata nafasi. Mazao mengine ni hoja tofauti, na hapo naona mkulima ana haki ya kudai fungu lake katika mapato ya hifadhi.

Baba, Tanga: *Binti yangu alimwona kima anatafuna mkaa. Ni mgonjwa?*

Hapana. Majani ya mwembe na mkungu yana lishe nzuri lakini yana kemikali zinazosumbua tumbo. Mkaa unazinasa kemikali hizo. Watoto wa kima hujifunza kwa kuwatazama mama zao.

Mwanachama, Mombasa: *Chui wa Unguja bado yupo?*

Wataalamu wengi wanaamini ametoweka. Mwaka 2018 kipindi cha televisheni cha Marekani kilionyesha picha zilizodaiwa kuwa zake, lakini hazikumaliza ubishi. Watoto wako wasimwogope njiani.

Mwalimu wa skuli ya msingi, Mjini Magharibi: *Nina wanafunzi 45. Nipange vipi?*

Mwalimu, waandikie hifadhi mapema uombe waongozaji zaidi ya mmoja. Gawa makundi matatu: moja lianze kwa kima, moja msituni, moja mikokoni, kisha wabadilishane. Kundi la watoto 45 kwa pamoja litawafukuza kima wote. Na lile la mikokoni lisizidi 15 kwenye njia ya mbao, kwa sababu ni nyembamba na kila mmoja atataka kuchungulia pembeni. Weka mkubwa mmoja mbele na mmoja nyuma.