Somo: Jisemeshe kabla presha haijakusemesha

Wakuu, hili ni la nyie wa ndondo: mazoezini mnang'ara, siku ya mechi miguu inakuwa ya kuazima.

Nianze na aibu yangu. Mwembe Yanga, Temeke, penalti ya tano. Nausogelea mpira huku moyoni nasema, "Usipaishe, usipaishe." Nikapaisha. Mpira ukatua kwenye karai la muuza mihogo, akanidai mafuta yake wiki nzima. Ukijiambia "usipaishe", ubongo huanza kwa kuchora mpira unaopaa ndipo uukatae. Presha ikizidi, kukataa kunashindikana, mchoro unabaki.

Hatua ya 1. Baada ya mazoezi, kabla hujavua viatu, andika kwenye simu ulichojiambia ulipokosea. Wengi mtakuta matusi ambayo hata refa hamjawahi kumtukana.

Hatua ya 2. Geuza katazo liwe agizo. Hapa msiende haraka. "Usipaishe" iwe "kifua juu ya mpira". Anayepiga mitupo huru ya kikapu ajiambie "goti, kiwiko". Kazi ya shabaha inataka agizo la namna hiyo, linalotaja kiungo au mahali. Kazi ya pumzi na nguvu, kama kilomita 5 za mwisho za nusu marathoni, inataka neno la kuchochea: "bado nipo", "kaza". Msichanganye. Ukienda kwenye penalti na "kaza", utapiga kwa nguvu zote bila kujua unapeleka wapi.

Hatua ya 3. Jiite kwa jina. Mwaka 2014 Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha kuwa wanaojisemesha kwa jina lao, badala ya "mimi", huhimili presha vizuri zaidi. "Juma, kona ya kushoto." Unakuwa kama kocha wako mwenyewe.

Hatua ya 4. Moyo ukidunda, usijilazimishe kutulia. Ni adrenalini, ile ile ya furaha. Sema, "Mwili umewaka, twende."

Hatua ya 5. Anza mazoezini. Neno jipya halijaribiwi fainali.

MASWALI

Kocha, nikiongea peke yangu wenzangu si watasema nimechizika?
Chezesha midomo tu. Mkono ukifuta jasho, nani ataona?

Mimi ni mfungaji wa netiboli. Mashabiki wa wapinzani wananizomea mpaka mikono inatetemeka.
Dada, ukishika mpira una sekunde 3 tu, hotuba haiingii. Chagua maneno mawili, mfano "juu, laini". Wao wazomee, wewe uko na ringi.

Nikijiambia "mimi ni bora" nafsi yenyewe inacheka.
Ina haki ya kucheka. Iambie kitu isichoweza kubisha: "Wiki hii nimepiga penalti 60." Ila uwe umezipiga kweli.

Mdogo wangu hulala macho siku tatu kabla ya mechi na kutapika.
Hapo somo langu limefika mwisho, mkuu. Mpeleke kwa daktari. Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Na asilazimishwe kucheza.

Kocha, yule mama wa mihogo ulimlipa?
Nusu.