SOMO: Safari ya amri ndani ya seva ya mchezo wa maandishi, tangu mchezaji abonyeze Enter

Nimechoka kujibu swali hili kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo naliandika hapa mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia uzi huu. Swali lenyewe: mchezaji akiandika "chukua mkuki" akabonyeza Enter, seva inafanya nini mpaka mkuki uingie mkononi mwake?

Somo ni la wanaojenga MUD, michezo ya maandishi ya ukoo ulioanzishwa na Roy Trubshaw na Richard Bartle katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, mwaka 1978. Mimi naandika kwa Python, lakini ukiandika kwa C hatua ni zilezile. Mchezo wangu unakaa kwenye kompyuta kuukuu hapa Bombo, Uganda. Wachezaji wako Arua, Yumbe, Jinja, Busia, na wengi wanacheza kwa simu. Hilo la simu likumbuke, ndilo linaloamua karibu kila kitu hapa chini.

Hatua ya 1. Fungua soketi, yaani ncha ya mawasiliano ya mtandao, sikiliza poti moja, yaani namba ya mlango wa kompyuta. Wengi tunatumia 4000. Zilizo chini ya 1024 Linux inazitakia ruhusa ya msimamizi, achana nazo.

Hatua ya 2. Kila soketi iwe ya kutosubiri: ukiiuliza na haina kitu, ikujibu papo hapo kwamba haina, isikusimamishe mlangoni.

Hatua ya 3. Andika kitanzi kimoja kinachopiga kama moyo. Katika kila pigo: pokea wageni, soma kilichofika, tekeleza amri, sogeza dunia, tuma majibu, lala mpaka pigo lijalo. DikuMUD, iliyoandikwa na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Copenhagen mwaka 1990 na 1991, ilipiga mara 4 kwa sekunde. CircleMUD, mtoto wake, hupiga mara 10. Mimi napiga 4 na zinatosha.

Hatua ya 4. Kusoma na kukata mistari. Hapa soma polepole.

Hapa ndipo nilipoharibu. Nilidhani kila nikisoma soketi mara moja napata amri moja. Nikajaribu kwenye laptopu yangu wiki mbili, haikukosea hata siku moja, kwa sababu maneno hayakuwa yakitoka nje ya mashine. Siku nilipowaalika watu, binti mmoja wa Yumbe aliona simba anaingia. Akaandika "chukua mkuki", kisha haraka akaandika "kas" aende kaskazini. Kwangu vilifika kwa mafungu mawili, hivi (\r\n ni alama za Enter, yaani mwisho wa mstari):

chukua mku
ki\r\nkas\r\n

Seva ikamjibu "Hapa hakuna mku". Kisha ikamwambia haijui amri "ki", na ile "kas" ikapotea kabisa. Simba akamuua amesimama palepale, naye alikuwa ameandika kila kitu sawasawa. Hakurudi tena kwenye mchezo. Kosa lilikuwa langu. Halikuwa lake wala la mtandao.

TCP, kanuni inayosafirisha baiti kati ya simu na seva, inaahidi kwamba zitafika kwa mpangilio uleule zilivyotumwa. Haiahidi zitakuja kwa mafungu gani. Kwa hiyo kila mchezaji mpe bafa yake, yaani nafasi ya kumbukumbu ya kutunzia baiti kwa muda. Kilichosomwa kiongeze mkiani mwa bafa, halafu utafute \n. Ikiwepo, kata hapo, ondoa \r iliyobaki mwishoni, mstari huo upeleke kwenye foleni, kisha utafute \n nyingine. Mabaki yasiyo na \n yaache yalale kwenye bafa yakisubiri wenzao.

Onyo: rudia kukata mpaka \n ziishe, maana fungu moja laweza kubeba mistari mitatu.

Onyo: usigeuze baiti kuwa herufi kabla mstari haujakamilika. Nina mchezaji mwenye ŋ ya Kiganda kwenye jina lake. Katika UTF-8, utaratibu wa kuandika herufi kwa baiti, herufi hiyo ni baiti mbili, na mtandao unaweza kuzitenganisha. Ukigeuza mapema, programu inaanguka na kila mtu anatoka naye.

Onyo: weka kikomo. Kwangu baiti 512 zikijaa bila \n, namkata mtu huyo. Bila kikomo, mmoja anaweza kumimina mpaka akamaliza kumbukumbu yote.

Onyo: kusoma kukirudisha baiti sifuri, mtu ameondoka. Hiyo siyo amri tupu.

Hatua ya 5. Foleni. Kila mchezaji ana foleni yake, na katika kila pigo unachukua mstari mmoja tu kutoka kila foleni. Mtu wa Kampala mwenye intaneti ya waya akibandika amri hamsini kwa mkupuo, na mtu wa Moroto akaandika moja kwa taabu juu ya mtandao wa kusuasua, wote wawili wapate zamu moja moja. Kwangu hili ni la haki kabla halijawa la ufundi. Mchezo unaompendelea mwenye mtandao mzuri haufai kuwekwa mbele ya watu wa huku kwetu. Tena badilisha anayeanza katika kila pigo, la sivyo aliyeingia kwanza ndiye atakayewahi kila kitu kilichoanguka chini.

Amri nzito kama kupiga na kuroga ziwe na mapumziko: mwandikie mchezaji hesabu ya mapigo, na foleni yake isiguswe mpaka hesabu iishe. Foleni ikizidi mistari 20, kataa mipya na umwambie mwenyewe. Usitupe kimyakimya.

Hatua ya 6. Angalia hali ya mchezaji: anaandika jina, nenosiri, au yuko ndani anacheza. Mstari ni uleule, fanksheni inayoupokea ni tofauti.

Hatua ya 7. Ondoa nafasi za pembeni, neno la kwanza ligeuze herufi ndogo. Maneno ya mtu kwenye "sema" yaache alivyoyaandika.

Hatua ya 8. Jedwali la amri. Neno la kwanza linatafutwa kwenye jedwali kuanzia juu, na ufupisho unakubalika. Kiingereza kina bahati, n, s, e na w hazigongani. Sisi kaskazini na kusini zote ni k, mashariki na magharibi zote ni ma. Ukichukua jedwali lao ukalitafsiri tu, anayeandika "k" atapelekwa upande uliotangulia kwenye jedwali, atake asitake. Mimi juu kabisa nimeweka kas, kus, mas, mag, na "k" peke yake inaulizwa: "Kaskazini au kusini?"

Neno kamili lishinde ufupisho siku zote. "Piga" iko ndani ya "pigana", kwa hiyo ukiweka pigana juu na kukubali ufupisho bila kuangalia neno kamili kwanza, piga haitafanya kazi milele. Na "pi" je, ni piga au pika? Kwangu ni piga, kwa sababu aliye hatarini hana muda wa kumalizia neno, anayepika anao. "Toka" lazima iandikwe yote. Mtu aliyekuwa anaharakisha "toa" asijikute nje ya mchezo kwa herufi mbili.

Hatua ya 9. Tafuta kitu kilichotajwa. "Chukua" hutazama chini, "tupa" hutazama mkononi. Mikuki ikiwa miwili, wa DikuMUD huweka namba mbele ya jina la kitu. Mimi nimeweka mkuki.2, kwa sababu kwetu tunasema mkuki wa pili.

Hatua ya 10. Tekeleza, na andika majibu kwa wote waliopo. Mpigaji aone "Unampiga mganga", mganga aone "Fulani anakupiga", watazamaji waone "Fulani anampiga mganga". Kitenzi chetu kimebeba mpigaji na mpigwa pamoja, kwa hiyo kubadilisha majina peke yake hakutoshi, andika sentensi tatu. Majibu yaingie kwenye bafa ya kutoka, yasitumwe hapohapo.

Hatua ya 11. Mwisho wa pigo, tuma. Soketi ikikubali nusu, nusu iliyobaki itunze kwa pigo lijalo.

MASWALI

Mgeni_Lira: Kaka nimekopi yote lakini haifanyi kazi, nisaidie haraka.

FundiBombo: Hapa hakuna msimbo wa kukopi, ni maelezo. Skrini inasema nini?

Mgeni_Lira: Inakataa tu.

FundiBombo: Leta mistari ya kosa kama ilivyo, ndipo tuongee.

Dada_Jinja: Ssebo, asante kwa somo. Kwa nini kitanzi kimoja? Shuleni tulifundishwa kila mteja apewe thredi yake, yaani mkondo wake wa kazi unaoenda sambamba na mingine.

FundiBombo: Swali zuri nyabo. Fikiria mkuki mmoja chini na watu wawili wanaandika "chukua mkuki". Kwa thredi mbili, ya kwanza inauliza "upo?", inajibiwa upo. Kabla haijauondoa, ya pili nayo inauliza, nayo inajibiwa upo. Sasa kuna mikuki miwili duniani. Unaweza kuzuia kwa kufuli, lakini kufuli zinakuwa nyingi na siku moja mbili zinasubiriana mpaka asubuhi. Katika kitanzi kimoja, amri inaanza na kuisha kabla nyingine haijaanza, kwa hiyo wa pili anaambiwa ukweli kwamba mkuki haupo. Na kuchukua mkuki ni kazi ndogo sana kwa kompyuta. Kuukuu yangu muda mwingi imelala.

Kijana_Mbale: Amri zangu zinafika nusunusu nikicheza kwenye seva yangu kwa simu. Nibadilishe laini?

FundiBombo: Hatua ya 4.

Kijana_Mbale: Nimesoma, ila mtandao wa huku ni mbaya sana.

FundiBombo: Mtandao mbaya unachelewesha baiti, amri inakatwa na msimbo wako. Nimeeleza kosa hilohilo na nimetaja aliyeumia. Tazama unaposoma soketi: nina hakika unasoma halafu papo hapo unatekeleza, hakuna bafa katikati.

Kijana_Mbale: Ni kweli, hakuna bafa. Nimeona sasa.

FundiBombo: Vema. Ukikwama kwenye kukata, rudi.

Mwalimu_Arua: Shikamoo fundi. Kwangu nenosiri linakataliwa mara ya kwanza, mara ya pili linakubaliwa. Wachezaji wote, kila siku. Nimekagua herufi moja moja.

FundiBombo: Marahaba mwalimu. Hilo limenitesa pia, na ni zuri ukishalielewa. Bila shaka unapoomba nenosiri unatuma baiti 255 251 1 ili lisionekane kwenye skrini. Katika lugha ya Telnet, iliyowekwa kuwa kanuni mwaka 1983, maana yake ni "kurudisha herufi nitafanya mimi", na programu ya mchezaji inaacha kuzionyesha. Nayo inajibu 255 253 1, yaani "sawa, fanya". Baiti hizo tatu zinafika kwako mbele ya nenosiri, zinagandana nalo, na halilingani tena. Mara ya pili programu inajua tayari mmekubaliana, haijibu tena, na nenosiri linafika safi.

Dawa: zichuje kabla ya kukata mistari. Ukikuta 255 ikifuatwa na 251 mpaka 254, ondoa hizo mbili pamoja na baiti moja inayofuata. Ukikuta 255 250, ondoa mpaka ufike 255 240. Usiogope kula maandishi ya mtu, maana baiti 255 haitokei kamwe katika UTF-8. Ila kumbuka nazo zinaweza kufika nusu, kwa hiyo 255 ikiwa mwisho wa fungu, isubirishe.

Mwalimu_Arua: Imekwisha! Mwezi mzima nilikuwa nawalaumu wanafunzi wangu kwamba wanakosea kuandika.

Dada_Jinja: Na "mpe mganga mkuki" unaichanganuaje? Neno la kwanza lina mtu ndani yake tayari.

FundiBombo: Nimeweka "mpe" kama amri nzima, siichambui. Baada yake neno la kwanza ni mtu aliyepo chumbani, la pili ni kitu kilichomo mkononi. "Wape" ni amri nyingine, ya kugawia kundi. Nilijaribu kutenganisha viambishi, "mpige", "umpige", "wapige", nikaona watu wakiwa mchezoni wanaandika "piga simba" tu. Lakini ukitaka kulifanya, nitafurahi kuona.

Abiria_WestNile: Kwangu mchezaji mmoja mtandao ukimpotea kwenye basi karibu na Karuma, wote wanaganda mpaka anarudi.

FundiBombo: Unatuma kwa soketi inayosubiri. Majibu yake hayana pa kwenda, nafasi ya kuweka yanayotumwa inajaa, na seva yako inasimama kumngoja. Hatua ya 2 na ya 11. Ongeza na kikomo kwenye bafa ya kutoka: ikijaa, kata soketi lakini mwili wake uache mchezoni dakika chache, akivuka Karuma aurudie mwili uleule. Kukatikiwa na mtandao kusiwe adhabu.

Fundi_Busia: Na umeme ukikatika katikati ya kuhifadhi mchezaji? Nimepoteza mafaili mawili.

FundiBombo: Usiandike juu ya faili la zamani. Andika jipya pembeni, hakikisha limefika diskini kwa fsync, ndipo ulibadilishe jina lichukue nafasi ya la zamani. Linux inabadilisha jina kwa mara moja, kwa hiyo utakuta la zamani zima au jipya zima.

Fundi_Busia: Asante. Mimi laptopu ina betri yake, kinachokufa ni ruta. Nimeiunganisha na betri ya boda, ruta yangu inataka volti 12.

FundiBombo: Hilo sikuwa nimelifikiria. Yangu adapta imeandikwa volti 9. Nayo itakubali?

Fundi_Busia: Moja kwa moja hapana, utaiunguza. Nunua kile kifaa kidogo cha kushusha volti, wauza vipuri vya redio wanacho. Kipime kwa mita kikiwa hakijaungwa na ruta, ukizungushe mpaka kisome 9, ndipo uunge. Na tia fyuzi upande wa betri.