"Niliacha nyama, gauti ikaisha": namna ya kuupima ushuhuda huu

Anayesema hivyo huenda hadanganyi. Ila shambulio la gauti (ugonjwa wa viungo kuvimba na kuuma kwa sababu ya fuwele za asidi ya yuriki) kwa kawaida hutulia lenyewe ndani ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo lolote mgonjwa alilofanya siku ya pili, liwe kuacha nyama au kunywa maji ya limau, litapewa sifa ya kumponya.

Anza kwa kumuuliza aliacha nini kingine. Nyama choma huandamana na bia, na bia huongeza asidi ya yuriki na papo hapo huzuia figo kuitoa. Soda nayo imo, kwa kuwa nusu ya sukari ya kawaida ni fruktosi. Kisha uliza alikula nini badala yake. Aliyehamia kwenye dagaa hajafika mbali: dagaa, maini na figo vina purini nyingi, ambayo mwili huivunja ikawa asidi ya yuriki. Maharage pia yana purini, lakini hayajaonekana kuongeza gauti, basi usiyaogope.

Nyama ina mchango wa kweli. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2004 uliwafuatilia wanaume zaidi ya 47,000 wasio na gauti kwa miaka 12. Waliokula nyama nyingi zaidi walikuwa na hatari ya kupata gauti iliyo kubwa zaidi kwa asilimia 41 kuliko waliokula kidogo kabisa. Kwa samaki na vyakula vingine vya baharini ilikuwa asilimia 51. Hilo ni kundi, si mtu mmoja. Ndiyo maana babu aliyekula mbuzi kila wiki bila kuugua hapingi chochote: wengi wenye asidi ya juu hawapati gauti maishani, na uwezo wa figo kuitoa hurithiwa kwa sehemu kubwa.

Ukitaka kujua hali yako, pima asidi ya yuriki katika damu angalau wiki mbili baada ya maumivu kuisha. Wakati wa shambulio kiwango huweza kushuka kikaonekana cha kawaida, na hapa wengi huambiwa hawana gauti. Punguza nyama, mengine yabaki vilevile, halafu rudia kipimo baada ya wiki 6 kwenye maabara ileile. Angalia vizio: miligramu 7 kwa desilita na mikromoli 416 kwa lita ni kiwango kilekile. Fuwele huanza kujengeka kuanzia kama miligramu 6.8, mgonjwa hulenga chini ya 6.

Chakula pekee mara nyingi hushusha kama miligramu 1 tu. Mwenye 9.5 hatafika 6 kwa mboga, kwa hiyo asiache allopurinol, dawa ya kushusha asidi hiyo, kwa sababu jirani amepona bila dawa. Wala asijinyime chakula ghafla, maana njaa kali hupandisha asidi hiyo. Na kiungo kilichovimba kikiambatana na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo: huenda ni maambukizi ya bakteria, na hayo huharibu kiungo kwa siku chache.