Kulinganisha Marchantia na ukoka: anza na maji

Nafundisha baiolojia hapa Kigoma, na kila nikiwaambia wanafunzi walinganishe Marchantia (mmea mdogo bapa wa sehemu zenye unyevu) na ukoka (ile nyasi inayotambaa) napata jibu lile lile: "Marchantia ni fupi, ukoka ni mrefu." Hilo halina maksi. Jiulize kwanza kila mmea unapataje maji na unayapelekaje huko juu. Tofauti nyingi zinatokana na hapo.

Subiri mvua zianze, Novemba hivi. Marchantia itafute kivulini: ukingo wa mfereji, chini ya bomba linalovuja, ukuta wa nyuma usiopigwa na jua. Ni bapa la kijani lililolala chini, ncha zake zikigawanyika mbili mbili. Ukiona juu yake vikombe vidogo vya duara, ndiyo yenyewe; ikwangue pamoja na udongo wake. Ukoka nenda tu uwanja wa mpira, ung'oe na shina lake linalotambaa.

Sasa geuza lile bapa. Vile vinyuzi vyeupe wengi huviita mizizi, lakini kila kimoja ni seli moja ndefu tu. Mzizi wa ukoka una tishu, na ndani yake mna mishipa ya kupitisha maji. Kata shina la ukoka kwa wembe, lisimamishe kwenye maji yenye wino mwekundu, kisha baadaye kata kipande cha juu: utaona vidoa vyekundu mle wino ulimopanda. Kwenye Marchantia wino utanywea katikati ya vile vinyuzi na kuenea kwa nje, kwa sababu haina mishipa. Halafu angalia upande wa juu wa bapa kwa lensi. Vile vitone ni matundu ya hewa, na hayafungi kama stomata za ukoka, yaani vile vitundu vidogo vya majani. Viache vyote viwili juani uone kipi kitajikunja mapema.

Ninachokipenda zaidi ni vile vikombe. Chukua bomba la sindano lisilo na sindano, dondoshea tone la maji katikati ya kikombe, uone vichembe vya kijani vikirushwa pembeni. Kila kichembe chaweza kuwa mmea mpya. Ukoka nao huzaana bila mbegu, ila kwa kutoa mizizi kwenye vifundo vya shina.

Kwenye uzazi wa kijinsia, mbegu za kiume za Marchantia huogelea hadi kwenye yai, hivyo lazima pawe na maji. Chavua ya ukoka hupeperushwa na upepo. Na tafadhali, vile vimwavuli vinavyochomoza juu ya Marchantia, vinavyobeba viungo vyake vya uzazi, si maua!

Jambo linalowaangusha wengi ni la kizazi: maisha ya mmea hupokezana kati ya kizazi chenye seti moja ya kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli) na chenye seti mbili. Mmea wa Marchantia unaouona una seti moja. Kizazi chenye seti mbili ni kidogo, kinaning'inia chini ya mwavuli wa kike na kulishwa na mmea huo. Ukoka ni kinyume: nyasi yote unayoikanyaga ni kizazi cha seti mbili. Kwenye jedwali lako la kulinganisha safu hiyo itangulie, kisha mishipa, kisha maji katika utungisho. Rangi usiiandike kabisa. Yote miwili ni ya kijani.