Jinsi ya kukagua trela la safari kabla hujatoa pesa

Nafanya kazi ya kutengeneza matrela ya safari, yaani vijumba vya kulala vinavyovutwa na gari, hapa Elkhart, Indiana, eneo ambalo sehemu kubwa ya matrela yanayouzwa Marekani huundwa. Waswahili wenzangu wengi siku hizi hunipigia simu wakiwa tayari wameshalipa. Natamani wangepiga kabla, kwa sababu kinachoua trela karibu kila mara ni maji, na njia ya maji huonekana mapema ukijua pa kutazama.

Njoo na tochi, ngazi, mita ndogo ya unyevu na nguo usizoogopa kuchafua. Chagua siku inayofuata mvua kubwa.

Hatua ya 1: Anzia juu
Usiingie ndani kwanza. Kochi na jiko vimewekwa vikuvutie. Panda ngazi utazame paa. Mengi yamefunikwa mpira au plastiki nyembamba, na kila palipotobolewa kwa ajili ya feni, bomba au antena pamezibwa kwa gundi maalumu. Gundi hiyo iwe imeshika pande zote, bila ufa wala tundu. Kwa trela lililotumika, muulize mwenyewe alipaka lini mara ya mwisho. Asiyekumbuka hajapaka.

Hatua ya 2: Zunguka kuta
Kuna aina tatu utakazokutana nazo. Ya kwanza ni fremu ya mbao iliyovikwa bati la alumini lenye mawimbi: ni rahisi kutengeneza, lakini mbao zikilowa zinaoza kimyakimya. Ya pili ni faiba iliyogandishwa juu ya povu na ubao mwembamba. Hii itazame kwa ubavu, jua likiwa chini. Ukiona uso umevimba kama andazi, maji yameshaingia na gundi imeachia, na kuitengeneza ni kazi kubwa mno. Uliza kilichoko nyuma ya faiba ni plaiwudi au ni kile kibao cha plastiki kiitwacho Azdel. Plaiwudi huoza, Azdel haiozi. Ya tatu ni kama matrela ya kampuni za Scamp na Casita, magamba mawili ya faiba yaliyounganishwa kama yai. Maungio ni machache, kwa hiyo milango ya maji ni michache. Pesa ingekuwa yangu, ningeanzia hapo, hata kama nafasi ndani ni finyu.

Kagua kila taa ya pembeni, dirisha na pembe. Mteja wangu mmoja, dereva wa malori mwenye asili ya Mombasa, aliniletea trela la miaka mitatu. Bisibisi ilizama kwenye sakafu ya kona ya mbele hadi kwenye mpini. Chanzo kilikuwa taa moja ndogo ambayo kiwandani hawakuizibia vizuri. Iliniuma kumwambia gharama yake.

Hatua ya 3: Lala chini
Tazama chesisi: uchomeleaji uwe mfululizo, si vidonge vidonge. Kutu ya juu juu si neno, kutu inayobanduka magamba ni neno. Soma tarakimu nne za mwisho za namba inayoanza na herufi DOT (Idara ya Uchukuzi ya Marekani) kwenye tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likishafika miaka sita mimi hulibadilisha, hata kama si kipara.

Hatua ya 4: Sasa ingia
Nusa kwanza. Harufu ya koga haifichiki, na manukato mengi nayo yanitia shaka. Tembea polepole, ukikanyaga kwa kisigino karibu na mlango, choo na chini ya madirisha, sakafu isibonyee. Pitisha mita ndani ya makabati, kwenye pembe za juu. Toa droo uone imeshikwa kwa skrubu au kwa pini za stepla tu. Barabara hutikisa trela kama tetemeko, na pini huachia. Washa pampu ya maji, fungua mabomba yote kisha uyafunge. Pampu ikiendelea kujiwasha yenyewe, kuna mahali panavuja.

Hatua ya 5: Soma vibandiko
Karibu na mlango kuna kibandiko cha uzito wa mzigo unaoruhusiwa. Maji ya galoni 40 pekee ni kilo 150 hivi. Toa hiyo, toa vyombo na nguo, uone kinachobaki. Muhuri wa RVIA, chama cha watengenezaji wa matrela haya Marekani, unahusu kanuni za usalama wa umeme, gesi, mabomba na moto. Hausemi kama fundi alikaza skrubu zote.

Ukibaki na shaka, lipia kipimo cha hewa: trela hujazwa hewa kwa feni, nje hupakwa maji ya sabuni, na penye tundu povu huchemka. Fanya hivyo kabla ya kusaini, muuzaji akiwa amesimama pembeni yako.